TUJUE KILICHOMO KATIKA PIPA KABLA YA KULIBEBA

Ndugu zetu wanachama,

Karatasi hii mnayoishika mikononi ni karatasi ya mashine ya stensili. Itazameni vizuri. Mtu akijaribu kuiandikia kwa kalamu ya wino, wino hutawanyika kama maji juu ya mchanga. Hilo si kosa la kiwanda. Waliifanya hivyo makusudi ili inywe wino wa mashine upesi, kurasa zisichafuane. Karatasi ya barua imetiwa kitu cha kuzuia wino usienee. Mfuko wa saruji umetiwa kitu kingine, usipasuke ukipata unyevu. Vitu hivyo hufika viwandani ndani ya mapipa na magunia, na mengi ya hayo hupita mikononi mwetu sisi watu wa reli na bandari. Ndiyo sababu tumeona yafaa kuandika habari zake.

Twajua wako watakaouliza, "Sisi na karatasi wapi na wapi? Kazi yetu ni mabehewa." Swali hilo twalipokea, nasi twalijibu hivi. Mwenye kubeba mzigo ana haki ya kujua anabeba nini. Dereva hawezi kuondoa treni bila kuambiwa uzito wake na idadi ya mabehewa. Gadi hawezi kupokea treni bila karatasi zake. Kwa nini basi mpakiaji wa godauni apokee pipa ambalo hajui jina la kitu kilichomo, wala kama kitu hicho kikimrukia machoni atafanya nini?

Tuanze na karatasi yenyewe, maana mtu hawezi kudai haki katika jambo asilolielewa.

Karatasi ni nyuzi za mti, au za mabua, au za matambara, zilizopondwa na kuchanganywa na maji mengi sana. Rojo hilo linapomiminwa juu ya wavu wa mashine, katika kila sehemu 100, sehemu 99 au zaidi ni maji, na nyuzi hazifiki sehemu moja. Maji huchujwa kupitia wavu, nyuzi zikabaki, zikashindiliwa, zikapitishwa juu ya madaramu yenye joto la mvuke, zikakauka. Nyuzi hizo hushikana zenyewe kwa zenyewe zinapokauka. Lakini kilichoshikana kwa kukauka huachana kwa kulowa. Ndiyo maana karatasi tupu ikitiwa maji hupoteza karibu nguvu zake zote, ikarudi kuwa rojo kama ilivyokuwa mwanzo.

Tena viwanda havitengenezi karatasi kwa nyuzi peke yake. Huongeza unga wa chokaa au wa udongo mweupe ili karatasi iwe nyeupe, isionyeshe maandishi ya upande wa pili, na kwa sababu unga huo ni rahisi kuliko nyuzi. Taabu ni kwamba unga ni mwembamba, nao hupita katika wavu pamoja na maji na kwenda zake mtoni. Kwa hiyo mtengeneza karatasi tangu zamani amekuwa na maswali matatu: nitazuiaje wino usienee, nitazuiaje unga usipotee, na nitafanyaje karatasi istahimili maji?

Watu wa kale walikuwa na majibu yao. Watengenezaji karatasi wa nchi za Kiarabu, ambako hata neno letu la karatasi limetoka, walipaka karatasi zao wanga. Wataliano wa mji wa Fabriano walichemsha ngozi na vipande vya wanyama wakapata gundi, wakaichovya karatasi humo. Kisha mwaka 1807 Mjerumani mmoja, Moritz Illig, alitangaza njia nyingine. Alitia ndani ya rojo lenyewe ulimbo wa msonobari pamoja na shabu. Njia hiyo ilikuwa rahisi na ya haraka, nayo ilifaa mashine mpya za karatasi zilizokuwa zikianza wakati ule. Ikaenea dunia nzima, ikatumika kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja.

Lakini shabu ina ukali wa asidi. Asidi ile ilibaki ndani ya karatasi ikifanya kazi yake polepole, usiku na mchana, ikizikata nyuzi. Katika miaka ya 1950 Mmarekani mmoja, William Barrow, alivipima vitabu vilivyopigwa chapa katika nusu ya kwanza ya karne ile, akaonyesha kwamba ukali huo ndio uliokuwa ukiviua. Maktaba kubwa za Ulaya na Marekani zilijikuta na mamilioni ya vitabu vinavyovunjika kama mkate mkavu.

Ndugu, jambo hilo si la wenye maktaba peke yao. Kila mzee aliyekwenda ofisini kutafuta pensheni yake anajua maana ya faili la zamani. Daftari la kuajiriwa, kadi ya mshahara, cheti cha daktari cha siku ulipoumia kazini: hizo zote ni karatasi. Karatasi ikiwa ya asidi, yageuka rangi ya tumbaku na kumeguka katika mikunjo, na haki ya mtu yameguka pamoja nayo. Kitu rahisi kiliwekwa katika karatasi na babu, na anayelipa ni mjukuu. Hilo ndilo funzo la kwanza tunalolipata katika habari hii. Dawa inayotiwa katika kitu huendelea kufanya kazi hata baada ya kiwanda kupata faida yake.

Sasa tuje kwenye mambo mapya. Katika karne ya 20 wanakemia waliunda vitu viitwavyo polima. Polima ni kitu ambacho chembe zake ni minyororo mirefu sana. Sisi wa reli tunaweza kuifikiri kama treni. Behewa moja limeungwa na jingine, na hilo na jingine, mpaka ukapata treni la mabehewa maelfu na maelfu. Behewa moja peke yake wanakemia huliita monoma. Shikeni neno hilo, kwani ndilo litakalotuonyesha hatari iko wapi.

Polima ya kwanza twaijua jikoni, nayo ni wanga. Viwanda huuchukua wanga wa mahindi, viazi au muhogo, vikaubadilisha kidogo ili upate chaji chanya ya umeme. Nyuzi za karatasi zina chaji hasi. Chanya na hasi huvutana, basi wanga hushika nyuzi na karatasi ikawa na nguvu zaidi inapokuwa kavu. Hutiwa kilo 5 hadi 15 hivi kwa kila tani ya karatasi. Jambo hilo ni jema, wala hatuna neno nalo.

Ya pili ni poliakrilamidi. Mnyororo wake ni mrefu mno. Ukitiwa katika rojo, hukamata chembe ya unga upande huu na uzi upande ule, ukavifunga pamoja, unga usipite katika wavu. Hutosha gramu mia chache tu kwa tani nzima. Faida yake ni kubwa: mali haipotei, mashine yaenda kasi, na maji yanayotoka kiwandani hayana uchafu mwingi kama zamani. Twasema kweli hata pale inapokuwa sifa ya matajiri. Polima hii imepunguza nyuzi na unga uliokuwa ukimwagwa mitoni.

Ya tatu ni zile resini zinazoipa karatasi nguvu ya kustahimili maji. Zilitangulia zile zinazotengenezwa kwa fomaldehidi, na wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walichapa ramani za askari juu ya karatasi ya namna hiyo ili zisiharibike kwa mvua. Katika miaka ya 1950 ikaundwa resini nyingine kwa kutumia kitu kiitwacho epiklorohidrini, nayo haihitaji asidi ili ifanye kazi. Hutiwa katika rojo, na joto la madaramu likifika hujifunga kama wavu kuzunguka viungo vya nyuzi. Karatasi ya kawaida ikilowa hubaki na nguvu ndogo mno, lakini karatasi hii yaweza kubaki na sehemu 15 hadi 30 katika 100 za nguvu zake za ukavu. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1950 ikaanza dawa ya kuzuia wino isiyotaka shabu, hata watu wakaanza kutengeneza karatasi isiyo na asidi, idumuyo. Mwaka 1994 shirika la vipimo vya mataifa likatoa kipimo chake, kiitwacho ISO 9706.

Kazi ya resini hizo twaiona kila siku. Kifuko cha majani ya chai hutiwa katika maji yanayochemka na hakipasuki. Karatasi ya kupangusia mikono haiyeyuki kiganjani, lakini ile ya chooni huyeyuka, kwa sababu hiyo ya pili haikutiwa resini, nayo ingetiwa ingeziba mabomba yote ya mjini. Tangu Serikali ya Kenya ilipokataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, tarehe 28 Agosti 2017, mzigo mwingine umeangukia karatasi. Hata sisi twapenda mfuko wa unga usiopasuka njiani.

Kwa hivyo hatuandiki ili vitu hivi vipigwe marufuku. Mtu akisema Chama kinapinga maendeleo, mwonyesheni mstari huu. Neno letu ni jingine, nalo lataka kupambanua mambo mawili ambayo watu huyachanganya: karatasi iliyokwisha, na pipa lililokwenda kuitengeneza.

Karatasi iliyokwisha, ikitengenezwa vema, ina hatari ndogo kwa anayeitumia. Mnyororo ukiisha kufungwa, hausumbui. Hatari iko kwa behewa lisilofungwa, yaani monoma, na kwa vitu vidogo vinavyozaliwa pembeni wakati wa kupika resini. Fomaldehidi ni hewa inayochoma macho na koo, na mwaka 2004 shirika la mataifa linalochunguza saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka katika kundi la kwanza, maana yake imethibitishwa kuwa huleta saratani kwa binadamu. Akrilamidi, ambayo ni monoma ya poliakrilamidi, imewekwa katika kundi la pili, la vitu vinavyoelekea kuleta saratani. Na tena hudhuru mishipa ya fahamu. Epiklorohidrini nayo iko katika kundi hilo la pili. Na resini yake huacha mabaki ya klorini ambayo watengenezaji wamelazimika kuyapunguza mara kwa mara, hasa kwa ajili ya karatasi inayogusa chakula.

Wako watakaosema hizo ni hofu za vitabuni. Basi tuwape mfano kutoka katika reli.

Kusini mwa Swideni kuna kilima kiitwacho Hallandsås. Mwaka 1992 walianza kukitoboa ili kupitisha njia ya reli chini yake. Maji ya ardhini yakawa yanaingia katika tanuri kwa wingi, na wakuu wa kazi wakaamua kuziba nyufa kwa dawa ya kugandisha. Dawa hiyo ilikuwa na akrilamidi pamoja na ndugu yake mmoja. Ilitazamiwa kwamba ikiingia katika mwamba, monoma zitaungana kuwa polima, zitaganda, na hatari itakuwa imekwisha. Lakini maji yalikuwa mengi, yakaikoroga na kuichukua kabla haijaganda yote. Mwaka 1997 samaki walikufa katika kijito. Ng'ombe walionywa maji yake walipooza miguu, wakashindwa kusimama. Wafanyi kazi wa tanuri walipopimwa, wengine walionekana wana ganzi na kuchomachoma katika vidole vya mikono na miguu. Kazi ikasimamishwa. Tanuri lile halikupitisha treni mpaka mwezi wa Desemba mwaka 2015.

Tazameni jambo hilo, ndugu. Nchi ile ni tajiri, ina shule, ina wakaguzi, ina vyama vya wafanyi kazi vyenye nguvu. Hata hivyo watu walifanya kazi wakirukiwa na dawa ile, na taarifa iliyosikiwa na taifa zima ilitoka kwa ng'ombe. Wengi wa wafanyi kazi wale walipata nafuu baadaye, nasi twafurahi. Tena kulikuwa na faida moja isiyotazamiwa. Wachunguzi walipopima damu za watu wa mbali ambao hawakufika katika tanuri, wakakuta dalili za akrilamidi kwao pia. Wakafuata njia hiyo mpaka mwezi wa Aprili 2002 wakatangaza kwamba kitu hicho hutokea chenyewe katika viazi na vyakula vingine vya wanga vinapokaangwa au kuokwa kwa moto mkali. Ujuzi ambao leo unasaidia dunia nzima ulianzia katika damu ya watu wa reli.

Na huku kwetu je? Nchi yetu inajua kutengeneza karatasi. Kiwanda cha Webuye, mji uliokuwa ukiitwa Broderick Falls, kilianza kutoa karatasi mwaka 1974, kikafungwa mwaka 2009, na mwaka 2016 kikauzwa kwa wenyewe wengine. Mji ule uliota kando ya reli, nasi wa reli twajua mji unavyokuwa kiwanda kinapofungwa. Kwa hiyo hatusemi neno la kukifunga kiwanda cho chote. Lakini hata mahali pasipo mashine ya karatasi, kuna viwanda vya kugeuza karatasi za zamani, vya maboksi na vya mifuko, na dawa zao huletwa kwa meli, zikashushwa, zikapangwa, zikapakiwa, zikafunguliwa na watu.

Mwanachama mmoja alituletea habari ya godauni fulani. Pipa lilipasuka, na kitu cheupe kama maziwa kikamwagika sakafuni. Nyapara akaamuru kisafishwe kwa maji ya mpira. Kadiri walivyotia maji ndivyo sakafu ilivyozidi kuwa utelezi, kama kamba wa mlenda uliomwagwa juu ya vigae. Watu wawili walianguka, mmoja akavunjika kifundo cha mkono. Juu ya pipa palikuwa na jina la biashara na tarakimu, na maandishi mengine yalikuwa ya lugha ambayo hapakuwa na mtu wa kuisoma. Kumbe kitu kile kilikuwa poliakrilamidi, na kila anayeiuza anajua kwamba haimwagiwi maji kwanza. Hufunikwa kwa mchanga au unga wa mbao, ikazolewa ikiwa kavu, ndipo sakafu ioshwe. Elimu hiyo yaandikika katika mistari miwili. Mkono wa ndugu yetu ulivunjika kwa kukosa mistari miwili.

Basi tusikie hoja za upande wa pili, tuzijibu kwa adabu.

Wa kwanza husema, "Dawa yenyewe ni kidogo, gramu mia chache kwa tani." Ni kweli kwa karatasi. Lakini anayefungua pipa hashughuliki na tani ya karatasi. Yeye yu mbele ya dawa yenyewe, haijachanganywa na kitu. Ugali wa watu mia hautiwi chumvi nyingi, lakini mpishi ndiye ashikaye gunia la chumvi.

Wa pili husema, "Jina la dawa ni siri ya biashara." Mkataba wa Shirika la Kazi la Mataifa namba 170 wa mwaka 1990, unaohusu kemikali kazini, ulikwisha kulitazama jambo hilo. Unakubali kwamba mwajiri aweza kulindiwa siri ya mchanganyiko wake kwa njia iliyokubaliwa na wenye mamlaka. Pamoja na hayo unasema wafanyi kazi wana haki ya kujua hatari za kemikali, namna ya kujikinga, na haki ya kujiondoa mahali pa hatari ya wazi bila kuadhibiwa. Siri ya mapishi ni ya mwenye kiwanda. Hatari ya kilichomo si siri ya mtu.

Wa tatu husema, "Wafanyi kazi wenyewe hawasomi." Hoja hiyo yatuudhi, lakini tuijibu. Kama hawasomi Kiingereza, watasoma Kiswahili. Na asiyesoma kabisa atatambua alama. Umoja wa Mataifa umekwisha kutoa alama za picha, kila moja ndani ya mraba uliosimama kwa pembe wenye ukingo mwekundu: fuvu la kichwa, mkono unaoliwa na asidi, kifua cha mtu chenye nyota, na alama ya mshangao. Sisi ni watu wa bendera nyekundu na kijani. Hakuna watu katika nchi hii waliofundishwa kutii alama kuliko sisi. Tufundisheni maana yake siku moja tu, nasi hatutasahau.

Na sasa twageuka kwetu wenyewe, maana mhariri anayewaonya matajiri tu hajafanya kazi yake.

Kuna wanachama wanaosema, "Tusidai glavu wala maandishi. Tudai posho ya hatari. Glavu hailiwi." Twaelewa neno hilo. Karo ya shule haingoji, na shilingi chache mwisho wa mwezi ni shilingi. Lakini fikirini vema. Posho ya hatari ikiingia katika mshahara, hatari imekuwa mali. Siku tajiri atakapotaka kuiondoa hatari, sisi wenyewe tutamkataza, kwa kuogopa kupoteza posho. Tutakuwa tumeuza vidole vyetu kwa kulipwa kidogo kidogo. Mtu aliyepata ganzi ya mikono hawezi kuunga mabehewa tena, wala kufunga kifungo cha shati lake, na posho aliyokwisha kuila haitarudisha hisi ya vidole. Hatukatai posho pale ambapo hatari haiondoleki. Twakataa posho iwe badala ya glavu, ya miwani, ya maji safi na ya maandishi yanayosomeka.

Kuna wengine wanaoletewa glavu na kuziuza, au kuzivua kwa sababu ya joto. Hao nao wasikie. Haki unayoidai kwa Chama na kuitupa godauni huwavunja nguvu wenzako watakapokwenda kudai tena.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke karatasi za maelezo ya usalama wa kemikali, ahakikishe vyombo vimeandikwa, na atoe mavazi ya kujikinga. Mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyi kazi wawemo. Anayelalamika juu ya usalama asiadhibiwe kwa kulalamika. Na mwezi wa Juni 2022, huko Geneva, Shirika la Kazi liliiweka kazi yenye usalama na afya miongoni mwa haki za msingi, pamoja na haki ya kuunda vyama kama hiki chetu. Sheria lakini ni kama breki. Iko pale, lakini haifanyi kazi mpaka mtu aivute.

Kwa hiyo twasema mambo sita, na twaomba kila tawi liyajadili katika mkutano wake:

1. Pipa au gunia la kemikali lisilo na jina, alama ya hatari na maelezo ya kumwagika lisipokewe wala kupakiwa mpaka maelezo yapatikane. Karani aandike saa na sababu.

2. Maelezo hayo yawe kwa Kiswahili, yabandikwe ukutani penye mzigo. Kuyafungia katika kabati la ofisi ni sawa na kutokuwa nayo.

3. Kila godauni linaloshika mizigo hiyo liwe na ndoo ya mchanga au unga wa mbao, na bomba la maji safi ya kuoshea macho.

4. Glavu, miwani na aproni zitolewe bila kukatwa mshahara, na zikichakaa zibadilishwe.

5. Kamati ya usalama iandike kila ajali na kila ugonjwa wa ngozi, macho, ganzi au kikohozi, pamoja na jina la dawa iliyoshikwa. Bila daftari hilo mtu hawezi kuthibitisha madai yake ya fidia miaka kumi baadaye. Nalo liandikwe juu ya karatasi idumuyo, isiyo na asidi.

6. Mwakilishi wa Chama akiambiwa "hayo ni mambo ya wataalamu", asiondoke. Aombe huyo mtaalamu aitwe.

Ndugu, wataalamu walioziunda polima hizi walikuwa na akili kubwa. Waliifanya karatasi ikae katika maji na isiyeyuke, na waliuokoa unga uliokuwa ukipotea mitoni. Akili hiyo hiyo yaweza kuandika mistari miwili juu ya pipa. Inayopungua ni nia, na nia ya mwingine huamka upesi anapoona watu wamesimama pamoja wakiuliza swali moja.

Swali lenyewe ni fupi, nanyi mwaweza kuliuliza kuanzia kesho asubuhi, kwa heshima, bila kelele na bila matusi: "Bwana, ndani ya pipa hili mna nini?" Aulize mmoja, naye ataambiwa ni mkaidi. Waulize wote wa zamu, na jibu litaletwa.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI